Kutoka Makato hadi Kutohesabiwa: Historia ya Utoaji wa Hisani kutoka Akaunti za Kustaafu nchini Marekani, 1917–2025

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Agosti 2006, Rais George W. Bush wa Marekani alitia saini Sheria ya Ulinzi wa Pensheni. Sheria hiyo ilihusu hasa wajibu wa waajiri kuweka fedha za kutosha katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wao. Hata hivyo, ndani yake mlikuwamo kifungu kifupi, cha 1201, ambacho hakikuhusu waajiri hata kidogo. Kifungu hicho kilimruhusu mtu aliyefikisha umri wa miaka 70 na nusu kuagiza fedha zihamishwe moja kwa moja kutoka akaunti yake binafsi ya kustaafu kwenda taasisi ya hisani, kwa kiasi kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, bila fedha hizo kuhesabiwa kuwa mapato yake. Kilipewa uhai wa miaka miwili tu ya kodi, 2006 na 2007.

Maelezo yaliyozoeleka hukichukulia kifungu hicho kuwa ni tuzo ya serikali kwa wazee wakarimu. Makala hii inatoa hoja tofauti. Inadai kwamba kifungu cha 1201 kilikuwa, kwa asili yake, kiraka cha kuziba ufa uliotokea pale sheria mbili za nyakati mbili tofauti zilipokutana: sheria ya mwaka 1917 iliyotambua michango ya hisani katika kodi ya mapato, na sheria ya mwaka 1974 iliyoanzisha akaunti binafsi za kustaafu. Inadai pia kwamba kiraka hicho, kwa namna kilivyoshonwa, kiligeuka kuwa vazi lenyewe. Kilibadili swali la msingi la kodi, yaani mapato haya ni ya nani, na kwa kufanya hivyo kiliamua ni mtoaji yupi atakayetambuliwa na dola na yupi hatatambuliwa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutofautisha dhana mbili. Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili, maneno "msamaha wa kodi" hutumika kwa nafuu ya kila aina. Katika historia hii hayatoshi. Makato ni utaratibu ambao mapato huhesabiwa kwanza kuwa ya mlipakodi, kisha sehemu fulani huondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Kutohesabiwa ni utaratibu ambao fedha haziingii kabisa katika hesabu ya mapato ya mtu huyo. Kwa asiyehusika, tofauti hii huonekana kuwa ya makarani. Kwa mstaafu wa Marekani imekuwa na thamani ya maelfu ya dola.

2.0 Misingi Miwili: 1917 na 1974

Kodi ya mapato ya shirikisho ilipata msingi wake wa kikatiba kupitia Marekebisho ya 16 ya mwaka 1913. Mwanzoni iliwagusa watu wachache na viwango vyake vilikuwa vya chini. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilibadili hali hiyo. Sheria ya Mapato ya Vita ya mwaka 1917 ilipandisha kiwango cha juu kabisa hadi asilimia 67. Hofu ikazuka kwamba matajiri waliokuwa wakivitegemeza vyuo, hospitali na makanisa wangelipa kodi hizo kwa kupunguza michango yao. Seneta Henry Hollis wa New Hampshire alipendekeza marekebisho yaliyoruhusu michango ya hisani ikatwe kutoka mapato yanayotozwa kodi, kwa sharti kwamba makato hayo yasizidi asilimia 15 ya mapato hayo. Pendekezo likakubaliwa.

Mambo mawili katika uamuzi huo yana uzito kwa historia iliyofuata. La kwanza ni kwamba nafuu iliundwa kwa umbo la makato. Mapato yalibaki kuwa ya mtoaji; alichotambuliwa ni kwamba amekitoa. La pili ni kwamba nafuu ilifungamana na kiwango cha kodi. Aliyetozwa asilimia kubwa aliokoa zaidi kwa kila dola aliyotoa kuliko aliyetozwa asilimia ndogo, na asiyetozwa kodi hakuokoa chochote. Mwaka 1944 hali hii ilichukua sura mpya pale Bunge lilipoanzisha punguzo la jumla, yaani kiasi ambacho mlipakodi angeweza kukikata bila kuorodhesha matumizi yake moja moja. Punguzo hilo lilirahisisha hesabu za mamilioni ya familia. Lakini aliyelichagua hakuweza tena kudai makato ya michango yake. Tangu hapo watoaji waligawanyika katika makundi mawili: wanaoorodhesha na wasioorodhesha.

Msingi wa pili uliwekwa na msiba wa viwandani. Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilitangaza kufunga kiwanda chake cha South Bend, Indiana. Mfuko wake wa pensheni haukuwa na fedha za kutimiza ahadi zote. Wastaafu na waliokuwa wamefikia umri wa kustaafu walilipwa, lakini wafanyakazi wapatao 4,000 ambao hawakuwa wamefikia umri huo walipata takribani asilimia 15 tu ya thamani ya haki zao. Kadhia hiyo ikawa mfano uliorudiwa mara kwa mara katika mjadala wa muongo mzima, na hatimaye tarehe 2 Septemba 1974 Rais Gerald Ford alitia saini Sheria ya Usalama wa Mapato ya Kustaafu ya Wafanyakazi.

Sheria hiyo iliweka kanuni za mifuko ya waajiri, lakini pia ilianzisha akaunti binafsi ya kustaafu kwa mfanyakazi asiyekuwa na mpango wa pensheni kazini. Aliruhusiwa kuweka hadi dola 1,500 kwa mwaka au asilimia 15 ya kipato chake, kutegemea kipi ni kidogo. Mwaka 1981 akaunti hizo zilifunguliwa kwa wafanyakazi wote na kikomo kikapandishwa hadi dola 2,000. Tangu mwanzo zilikuwa pia bandari ya kupokea fedha zilizohamishwa kutoka mipango ya waajiri mfanyakazi anapobadili kazi au kustaafu.

Mantiki ya akaunti hizi ilikuwa kuahirisha kodi, si kuifuta. Fedha ziliingia bila kutozwa, faida ilikua bila kutozwa, na kodi ilidaiwa siku ya kutoa. Ili siku hiyo isiahirishwe milele, sheria ilimtaka mwenye akaunti aanze kutoa fedha anapofikia umri wa miaka 70 na nusu, na baadaye kila mwaka kwa kiwango cha chini kinachokokotolewa kwa kugawanya salio kwa idadi ya miaka anayokadiriwa kuwa nayo. Kwa miongo mingi, adhabu ya kutotoa ilikuwa nusu ya kiasi kilichopaswa kutolewa.

3.0 Mgongano wa Sheria Mbili

Kila moja ya sheria hizi ilikuwa na mantiki yake. Ufa ulionekana pale mzee mwenye akaunti, ambaye hakuhitaji fedha zote alizolazimishwa kuzitoa, alipotaka kuzipeleka kanisani, chuoni au hospitalini. Fedha zilipotoka zilihesabiwa kuwa mapato yake. Alipozitoa, alitegemea makato kurudisha mizani. Kwa wengi mizani haikurudi.

Mfano wa kufikirika utaeleza. Tuseme mjane mwenye umri wa miaka 75 alikuwa na dola 492,000 katika akaunti yake mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kwa jedwali linalotumika tangu mwaka 2022, kigawanyo cha umri huo ni 24.6, hivyo analazimika kutoa dola 20,000. Anapenda kuchangia dola 10,000. Akizitoa mwenyewe na kuzichangia, dola zote 20,000 huhesabiwa kuwa mapato yake. Ikiwa anatumia punguzo la jumla, mchango wake haumpunguzii kodi kwa senti moja. Iwapo kiwango kinachogusa sehemu hiyo ya mapato yake ni asilimia 22, atalipa dola 2,200 kwa fedha ambazo hazikukaa mkononi mwake.

Hata anayeorodhesha hakuwa salama. Makato ya hisani hupunguza mapato yanayotozwa kodi, lakini hayapunguzi mapato ya jumla yanayotumiwa kama kipimo katika sheria nyingine. Tangu mwaka 1984 sehemu ya mafao ya hifadhi ya jamii ilianza kutozwa kodi kwa wenye mapato yanayovuka kiwango fulani, na sheria ya mwaka 1993 iliongeza sehemu hiyo hadi asilimia 85 kwa wenye mapato makubwa zaidi. Tangu mwaka 2007 wazee wenye mapato ya juu walianza pia kulipa ada kubwa zaidi ya bima ya afya ya Medicare. Dola iliyotoka katika akaunti iliweza, kwa hiyo, kuvuta nyuma yake kodi ya mafao na ada ya bima, hata kama jioni yake ilikabidhiwa kwa kituo cha yatima.

Kwa nini basi sheria haikuona tu kwamba fedha zimepita kwa mzee kuelekea kwa wengine? Jibu limo katika mafundisho ya mahakama. Katika shauri la Lucas dhidi ya Earl la mwaka 1930, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuuruhusu mkataba ambao kwao mume aligawa ujira wake na mkewe upunguze kodi yake. Jaji Oliver Wendell Holmes aliutumia mfano wa tunda na mti kueleza kwamba kodi hufuata mti uliozaa. Katika shauri la Helvering dhidi ya Horst la mwaka 1940, baba aliyempa mwanawe haki ya kupokea riba ya hatifungani huku akibaki na hatifungani yenyewe alihesabiwa kuwa ndiye aliyepata riba hiyo. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye mti hawezi kukwepa kodi kwa kuelekeza tunda liangukie shamba la jirani. Kwa kanuni hiyo, fedha za akaunti ya kustaafu zilikuwa za mwenye akaunti, kwa vyovyote zitakavyoelekezwa. Sheria mpya tu ndiyo ingeweza kusema vinginevyo.

4.0 Miaka ya Sheria ya Muda, 2006–2015

Kifungu cha 1201 kilisema vinginevyo. Kwa kutumia njia ya kutohesabiwa badala ya kupanua makato, kilikubali kwamba tunda hili mahsusi linaweza kuangukia shamba la jirani bila mwenye mti kulipa. Masharti yalikuwa mawili makubwa. Fedha zilipaswa kwenda moja kwa moja kutoka kwa mtunza akaunti hadi kwa taasisi, zisipite mkononi mwa mwenyewe. Aidha, zilipaswa kwenda kwa taasisi zinazofanya kazi za hisani. Mifuko inayomwachia mtoaji ushauri wa lini na wapi fedha zigawiwe, pamoja na wakfu binafsi zinazogawa ruzuku tu, ilitengwa. Kiasi kilichohamishwa kilihesabiwa pia kuwa sehemu ya kiwango cha lazima cha mwaka.

Udhaifu wa kifungu haukuwa katika masharti hayo bali katika uhai wake. Sheria ya muda huonekana na gharama ndogo katika makadirio ya bajeti, na kwa sababu hiyo Bunge limekuwa na desturi ya kuzihuisha nafuu nyingi za kodi kwa vipindi vifupi. Kifungu hiki kilikwisha muda Desemba 2007 na kuhuishwa Oktoba 2008, ndani ya sheria ya kuokoa mabenki. Kilikwisha tena Desemba 2009 na kuhuishwa tarehe 17 Desemba 2010. Kilikwisha Desemba 2011, mwaka mzima wa 2012 ukapita, kikahuishwa tarehe 2 Januari 2013. Kilikwisha Desemba 2013 na kuhuishwa tarehe 19 Desemba 2014, kikiwa na siku 12 za kuishi. Hatimaye tarehe 18 Desemba 2015 kilifanywa cha kudumu.

Mara zote tano uhuisho ulirudi nyuma hadi siku kifungu kilipokwisha. Kwa karatasi, basi, hapakuwa na pengo. Kwa maisha ya wazee pengo lilikuwapo. Mzee aliyekuwa na mshauri wa fedha aliambiwa asubiri hadi Desemba, asiguse kiwango chake cha lazima, au ahamishe moja kwa moja kwa kubahatisha kwamba Bunge litahuisha. Mzee asiyekuwa na mshauri, hasa aliyetegemea kutoa fedha kidogo kidogo kila mwezi, alikuwa tayari amekwisha kuzipokea mkononi mwake. Sheria iliporudi nyuma haikumkuta, kwa kuwa sharti la uhamisho wa moja kwa moja halikuweza kutimizwa tena kwa fedha zilizokwisha kutoka.

Bunge lenyewe lilikiri tatizo hilo kwa vitendo. Sheria ya Desemba 2010 iliruhusu michango ya Januari 2011 ihesabiwe kuwa ya mwaka 2010. Sheria ya Januari 2013 ilikwenda mbali zaidi: aliyekuwa amepokea fedha Desemba 2012 aliruhusiwa kuzikabidhi kwa taasisi kabla ya mwezi Januari kwisha, na zikahesabiwa kama zilizohamishwa moja kwa moja. Lakini aliyezipokea Machi au Agosti 2012 hakupewa mlango huo. Hapa ndipo hoja ya tuzo kwa wakarimu inapopoteza nguvu. Kivutio hakiwezi kumvuta mtu kutenda jambo alilokwisha kulitenda. Kilichotuzwa katika miaka hiyo hakikuwa ukarimu pekee, bali uwezo wa kusubiri na kupata ushauri.

5.0 Kiraka Kinapogeuka Vazi, 2015–2025

Baada ya kudumishwa, kifungu kilibadilishwa maana na sheria ambazo hazikukikusudia. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ilikaribia kuongeza maradufu punguzo la jumla: kwa mtu mmoja lilipanda kutoka dola 6,350 mwaka 2017 hadi dola 12,000 mwaka 2018, na kwa wanandoa kutoka dola 12,700 hadi dola 24,000. Idadi ya walipakodi wanaoorodhesha ilishuka kutoka takribani asilimia 30 hadi takribani asilimia 10. Kwa walio wengi, makato ya mwaka 1917 yalibaki katika vitabu tu. Uhamisho wa moja kwa moja ukawa, kwa mzee mwenye akaunti, njia kuu ya kutoa kwa nafuu ya kodi.

Mabadiliko ya pili yalikata uzi uliokiunganisha kifungu na chimbuko lake. Sheria ya Desemba 2019 ilisogeza umri wa kuanza kutoa kwa lazima hadi miaka 72. Ile ya Desemba 2022 ikausogeza hadi miaka 73 kuanzia 2023, na miaka 75 kuanzia 2033. Lakini umri wa kuruhusiwa kuhamisha kwa hisani ulibaki miaka 70 na nusu. Mtu mwenye umri wa miaka 71 leo halazimishwi kutoa chochote, lakini anaweza kuhamisha bila kuhesabiwa. Ikiwa kifungu kilikuwa dawa ya shuruti, hapa dawa inatolewa kabla ya ugonjwa. Huu ndio ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kiraka kilikwisha kuwa vazi.

Sheria ya 2022 iliongeza mambo mengine mawili. Kikomo cha dola 100,000, kisichobadilika tangu 2006, kilianza kupandishwa kulingana na mfumuko wa bei, kikafikia dola 105,000 mwaka 2024 na dola 108,000 mwaka 2025. Aidha, mtoaji aliruhusiwa, mara moja tu maishani, kuhamisha hadi dola 50,000, kiasi ambacho nacho hupandishwa, kwa ajili ya mpango unaomlipa yeye mwenyewe kipato hadi kufa kwake, kisha kinachobaki kikawa cha taasisi. Kwa mara ya kwanza, tunda lililoangukia kwa jirani liliweza kurudi kwa sehemu kwa mwenye mti.

6.0 Walio Ndani na Walio Nje

Historia hii inaacha swali la haki. Nafuu ya kutohesabiwa ina sifa moja njema: haimtaki mtoaji aorodheshe, hivyo inamfikia pia mwalimu mstaafu mwenye akaunti ya wastani. Kwa kipimo hicho ni ya usawa kuliko makato ya 1917. Lakini inamtaka awe na akaunti, awe na umri, na awe na ziada. Anayeishi kwa mafao ya hifadhi ya jamii pekee hana cha kuhamisha. Mwenye fedha katika mpango wa mwajiri wa aina ya 401(k) hawezi kuhamisha kutoka humo. Hana budi kuzipeleka kwanza katika akaunti binafsi. Mfanyakazi mwenye umri wa miaka 40 anayetoa fungu la kumi la mshahara wake bila kuorodhesha hakupata nafuu yoyote, isipokuwa ile ndogo ya muda ya miaka 2020 na 2021. Sheria ya Julai 2025 imemrudishia kitu kuanzia 2026, makato yasiyozidi dola 1,000 kwa mtu mmoja na dola 2,000 kwa wanandoa kwa michango ya fedha taslimu. Ukiilinganisha na dola 108,000, nafasi iliyotengwa kwa kila mmoja inajieleza.

Upande wa pili wa mizani kuna hazina ya umma. Kila dola isiyohesabiwa huacha pengo la kodi ambalo hujazwa na wengine au hupunguza huduma. Watetezi hujibu kwamba dola hiyo haikutumiwa na mwenyewe, bali ilikwenda kuhudumia jamii. Jibu hilo lina uzito, lakini halijibu ni nani anayechagua huduma. Kupitia kifungu hiki, uchaguzi huo unakabidhiwa kwa wazee wenye akiba, na sehemu ya gharama inabebwa na wote.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba utoaji wa hisani kutoka akaunti za kustaafu haukuzaliwa na fikra moja ya kuutukuza ukarimu. Ulizaliwa na mgongano kati ya sheria iliyotaka kulinda vyuo na makanisa wakati wa vita na sheria iliyotaka kuwalinda wafanyakazi baada ya maafa ya South Bend. Bunge lilitatua mgongano huo kwa kubadili jibu la swali la kale la mahakama, mapato ni ya nani, kwa kundi moja tu la watu. Miaka tisa ya uhuisho wa kuchelewa ilionyesha kwamba hata ndani ya kundi hilo manufaa yaliwafuata waliokuwa na nafasi ya kusubiri. Mabadiliko ya 2017, 2019 na 2022 yakaifanya tiba ya muda kuwa taasisi yenye maisha yake.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sheria ya kodi haina kipimo cha moyo. Inapima kiasi, umri na njia ambayo fedha zimepitia. Mzee aliyetoa dola 50 kila mwezi mwaka 2012 kwa fedha zilizokwisha kupita mkononi mwake alitoa sawasawa na aliyehamisha Desemba. Hesabu za mwaka huo zilimtambua mmoja wao.